Habari za Daktari Michael Wood, Mpasuaji Aliyesafiri kwa Ndege

1. Nchi iliyo chini ya mlima

Mtu akitoka Machame kwenda upande wa magharibi, hupita Boma Ng'ombe, kisha hushika njia ya Sanya Juu, na huko huacha nyuma yake migomba na mibuni na mifereji ya maji. Akizidi kwenda, akiuzunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini-magharibi, hufika mahali paitwapo Ol Molog. Huko hakuna vihamba vilivyosongamana kama vya Machame. Kuna mashamba mapana na upepo wa baridi, na chini yake imetandazwa nchi kavu ya Wamasai, ikienda mbali hata ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Siku isiyo na ukungu jicho huona kwa mara moja nchi ambayo mtembeaji kwa miguu angeivuka kwa siku nyingi.

Katika miaka ya 1950 na 1960 palikuwa na Mwingereza mmoja mwenye shamba mahali hapo, jina lake Michael Wood. Hakuwa mkulima tu, bali alikuwa daktari wa upasuaji. Nchi ile iliyoonekana kutoka mlimani ilimpendeza kama impendezavyo kila aitazamaye. Lakini yeye alijua jambo ambalo mtazamaji mwingine huenda asilifikiri. Alijua ya kuwa kila mahali katika nchi ile walikuwako watu, na ya kuwa wengi wao, wakivunjika mfupa au wakiungua moto, hawakuwa na mtu wa kuwatibu.

Habari za maisha yake zafaa kusomwa, maana alishika kazi ichoshayo mwili na moyo kuliko kazi nyingi, naye akaishika katika Afrika ya Mashariki karibu miaka 40. Katika habari hizi tutaona nguvu ya mtu wa kazi kama hiyo hutoka wapi.

2. Kijana mwenye pumu

Michael Wood alizaliwa mwaka 1918, mwaka ule Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha. Alisomea udaktari katika hospitali ya Middlesex mjini London, akachagua kazi ya upasuaji. Siku za ujana wake zilikuwa siku za vita ya pili, iliyoanza mwaka 1939. Ndege za Wajerumani zilikuja usiku kuuangushia mji wa London mabomu, na hospitali za mji zilipokea watu waliovunjika na walioungua. Mwaka 1943 alimwoa Susan Buxton. Bibi huyu alizaliwa Kongo, kwa kuwa wazazi wake walikuwa wamisionari huko. Basi Afrika haikuwa jina geni katika nyumba yao.

Daktari huyu alikuwa na ugonjwa wa pumu. Mwenye pumu, njia za pumzi kifuani mwake hukazana, na hewa hupita kwa shida. Hukohoa, hutweta, na usiku huenda asipate usingizi. Na kazi ya upasuaji humtaka mtu asimame saa nyingi, ameinama, na kitambaa kimefunika pua na kinywa. Mtu mwingine angaliona ya kuwa afadhali kijana wa namna hiyo atafute kazi nyepesi.

Yeye hakuiacha kazi, bali alibadili mahali pa kuifanyia. Vita ilipokwisha, alihama na jamaa yake, akaja Kenya, akaanza kupasua katika mji wa Nairobi, ulio juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, wenye hewa kavu na ya baridi kiasi. Hapo pana jambo la kuangalia. Kuna watu waonao haya kwa udhaifu wao, wakauficha, hata siku moja ukawaangusha mbele ya watu. Mwenye busara huujua udhaifu wake mapema, akautafutia njia, kama vile mwenye kihamba ajuavyo mahali mfereji wake unapovuja, akapaziba kabla ya mvua.

3. Uzito wa kazi ya upasuaji

Afadhali tueleze kidogo kazi hii ilivyo. Mwalimu akikosea hesabu ubaoni, huifuta akaiandika tena. Seremala akikata mbao vibaya, hutafuta nyingine. Mpasuaji hana mbao nyingine. Mgonjwa amelazwa mezani, amelala kwa nusukaputi, hawezi kusema wala kujitetea, na uhai wake u katika mikono ya mtu mmoja. Kisu kikisha kufungua mwili, kazi haiwezi kuahirishwa hata kesho. Huenda damu ikaanza kutoka mahali pasipotazamiwa. Huenda ugonjwa uliodhaniwa kuwa mdogo ukaonekana kuwa mkubwa. Hapo mpasuaji hana budi kukata shauri kwa dakika chache, na wote waliomo chumbani humtazama yeye. Akifadhaika, nao hufadhaika. Akipiga kelele, mikono ya msaidizi wake hutetemeka, na mkono utetemekao huongeza hatari.

Tena uzito wa kazi hauishi chumbani. Mgonjwa akifa, mpasuaji hutoka nje akawakabili jamaa zake. Na kesho asubuhi yuko mgonjwa mwingine angojaye, aliye na haki ya kutibiwa na mtu mwenye akili iliyotulia.

Watu wengi hudhani ya kuwa mpasuaji hodari ni mtu mwenye moyo mgumu, asiyesikia maumivu ya wenzake. Wengine hudhani ya kuwa utulivu ni kipawa cha kuzaliwa nacho, kama urefu wa kimo. Wote wawili wamekosea. Asiye na huruma huwa mzembe baada ya muda, maana hakuna kimhimizacho kufanya kazi njema wakati ambapo hakuna amwonaye. Wataalamu wa siku hizi waliochunguza tabia za wapasuaji wameona ya kuwa wengi wao ni watu waangalifu katika wajibu wao na wapendao utaratibu. Wameona pia ya kuwa utulivu wakati wa hatari waweza kufundishwa, kwa mfano kwa kuipitia kazi yote akilini, hatua kwa hatua, kabla ya kushika kisu. Basi kwa sehemu kubwa utulivu ni mazoea. Mtu huweza kujifunza utulivu kama ajifunzavyo kuandika.

4. McIndoe na askari walioungua

Katika miaka ya 1950 Michael Wood, ingawa alikuwa amekwisha kuwa mpasuaji, alirudi Uingereza kuwa mwanafunzi tena. Alitaka kujifunza upasuaji wa kutengeneza upya ngozi na nyuso na mikono iliyoharibika. Mwalimu wake alikuwa Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliyefanya kazi katika mji mdogo wa East Grinstead.

Wakati wa vita McIndoe aliletewa marubani vijana walioungua ndani ya ndege zao. Wengine hawakuwa na kope za macho, wala pua, wala vidole vya kukunjika. Aliona ya kuwa wale walioangukia baharini vidonda vyao vilipona vizuri kuliko vya wenzao, ndipo akaagiza wagonjwa waogeshwe katika maji ya chumvi. Alikata ngozi nyembamba kutoka pajani au mahali pengine pazima, akaipandikiza palipoungua. Kazi hiyo haiwezi kuharakishwa. Ngozi iliyopandikizwa ni kama mche uliohamishwa: isiposhikana na udongo wake mpya, hufa. Lazima ikae pasipo kutikiswa siku kadhaa, hata mishipa midogo ya damu iingie ndani yake. Mgonjwa mmoja aliweza kupasuliwa mara kumi, au ishirini, au zaidi, kwa muda wa miaka.

Lakini McIndoe hakutengeneza ngozi peke yake. Aliona ya kuwa kijana aliyepoteza uso wake huweza kupoteza pia hamu ya kuishi. Kwa hiyo aliwaruhusu wagonjwa wake wavae nguo zao za kiaskari, watembee mjini, waingie madukani. Naye aliwaomba watu wa mji wawapokee pasipo kugeuza macho. Mwaka 1941 wagonjwa hao waliunda chama chao wenyewe, nao walisaidiana na kuchekeshana katika mateso yao. Basi wanafunzi wa McIndoe walijifunza mambo mawili kwa pamoja: ya kwamba kazi kubwa hufanywa kwa vipande vidogo, na ya kwamba mgonjwa hapaswi kuachwa peke yake. Jambo lililo kweli kwa mgonjwa huwa kweli kwa daktari pia, kama tutakavyoona.

5. Mambo mawili ya mwaka 1956

Katika mwaka 1956 mambo mawili yalimgusa Michael Wood. Moja lilikuja kushindwa, na moja lilistawi.

Siku zile nchi zetu zilitawaliwa na Waingereza, na watu waligawanywa kwa rangi zao, katika shule, katika hospitali na katika mabaraza. Daktari Wood na mkewe walijiunga na chama kilichoitwa Capricorn, kilichotaka ubaguzi wa rangi uondolewe na watu wote wawe raia wa namna moja. Mwaka 1956 chama hicho kilifanya mkutano mkubwa Salima, karibu na ziwa la Nyasa, wakakutana watu wa rangi zote. Lakini mashauri yao hayakufuatwa. Walowezi wengi waliona ya kuwa chama kilitaka kuwapa Waafrika haki nyingi mno. Waafrika wengi waliona ya kuwa kiliwapa haki chache mno, maana hakikukubali kila mtu mzima awe na kura moja iliyo sawa na ya mwenziwe. Katika jambo hilo Waafrika walikuwa na haki, na historia ilikwenda kwa njia yao: Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, Uganda mwaka 1962, na Kenya mwaka 1963. Chama cha Capricorn kilikufa. Baada ya uhuru Daktari Wood hakufunga mizigo akarudi kwao kama walivyofanya walowezi wengi, bali aliendelea kuwatumikia watu wa nchi hizi chini ya serikali zao mpya.

Jambo la pili lilikuwa mazungumzo katika mteremko wa Kilimanjaro. McIndoe alikuwa ameupenda mlima huu, naye alikuja kuutembelea. Pamoja naye na Wood alikuwapo Mmarekani mmoja, Thomas Rees, aliyekuwa naye mwanafunzi wa McIndoe. Wapasuaji hao watatu walishauriana juu ya nchi iliyokuwa mbele yao. Hospitali chache za serikali na za misioni zilikuwa mbalimbali, na barabara zilikuwa mbaya, na wakati wa masika nyingi hazikupitika kabisa. Wapasuaji walikuwa wachache, na walio wengi walikaa mijini. Hata Tanganyika ilipopata uhuru, madaktari wake wazalendo waliohitimu walikuwa kama 12 tu katika nchi nzima. Mgonjwa aliyetakiwa kubebwa siku tatu mpaka kwa mpasuaji, mara nyingi alikufa siku ya pili.

Wakaona ya kuwa kama mgonjwa hawezi kumfikia mpasuaji, basi mpasuaji amfikie mgonjwa. Na njia isiyoharibiwa na matope ni njia ya angani. Hivyo mwaka 1957 waliunda shirika lililokuja kujulikana kwa jina la AMREF, na makao yake yakawa Nairobi. Watu waliowaita madaktari hawa madaktari wa ndege hawakukosea jina.

6. Siku ya mpasuaji wa ndege

Michael Wood alijifunza kuendesha ndege akiwa mtu mzima. Sasa alikuwa na kazi mbili, na kila moja yaweza kuua kwa kosa dogo.

Kabla ya kuruka, rubani mwenye akili huizunguka ndege yake kwa miguu. Hutazama mabawa, magurudumu na mafuta. Hupima petroli kwa mkono wake mwenyewe, wala hamwamini aliyemwambia jana ya kuwa tangi limejaa. Hufanya hivyo kila siku kwa utaratibu uleule, hata siku ambayo ana haraka, na zaidi sana siku ambayo ana haraka. Mpasuaji hufanya vivyo hivyo. Huosha mikono kwa muda uliowekwa, huhesabu visu na makasi na vitambaa kabla ya kuanza, na huvihesabu tena kabla ya kuufunga mwili, kisije kikasahauliwa kimoja ndani. Mambo haya madogo huonekana kama ya kuchosha. Lakini hayo ndiyo yampayo mtu utulivu wakati wa hatari, kwa kuwa ajua ya kuwa yaliyowezekana kutengenezwa yamekwisha kutengenezwa, na akili yake i huru kushughulika na yale yasiyotazamiwa.

Ndege zenyewe zilikuwa ndogo. Viwanja vingi vilikuwa vipande vya nyika vilivyofyekwa na wanakijiji. Rubani hupita kwanza chini chini juu ya kiwanja, ili kuwafukuza ng'ombe na punda-milia, kisha huzunguka na kutua. Adhuhuri, jua likisha kuichoma ardhi, hewa huwa nyepesi na kurukaruka, ikaitikisa ndege kama mtumbwi katika mawimbi. Karibu na milima mikubwa mawingu hukusanyika upesi, yakaficha miamba. Na katika nchi zetu, jua likitua, giza huingia pasipo kungoja. Rubani wa ndege ndogo asiyeliangalia jua huweza kukutwa angani asione pa kutua.

Akifika kwenye hospitali ya misioni, mpasuaji hakuta mgonjwa mmoja bali safu ya wagonjwa, waliokusanywa na wauguzi kwa majuma mengi. Yuko mtoto aliyezaliwa na mdomo wa sungura, ambaye mama yake humfunika uso kwa nguo ili watu wasimwone. Yuko aliyeangukia motoni, na kovu la shingoni limejikunja likakivuta kidevu mpaka kifuani, hata hawezi kutazama mbele. Yuko mchungaji aliyejeruhiwa na mnyama wa mwitu. Yuko mwenye mkono uliopindwa na ukoma. Kazi huanza asubuhi, ikaendelea hata jioni, pengine kwa taa ya karabai.

Hapo huonekana faida ya mafundisho ya McIndoe. Mtu akiitazama safu yote kwa mara moja, moyo wake humwishia. Lakini hakuna mpasuaji apasuaye watu ishirini. Hupasua mtu mmoja, kisha mtu mmoja. Mtoto mwenye mdomo wa sungura, kwa kazi isiyo ndefu, hushonwa mdomo ukawa mzima, na mama yake hutembea naye njiani uso wazi. Furaha ya mama huyo humpa daktari nguvu ya kumtazama mgonjwa wa pili.

7. Mzigo wa yule aondokaye

Hata hivyo ulikuwako mzigo mmoja ambao mpasuaji wa mjini haubebi. Yeye wa mjini, akisha kupasua, hurudi jioni akamtazama mgonjwa wake, na kesho tena. Mpasuaji wa ndege hupasua, kisha huondoka. Huiacha ngozi ikiwa mbichi, nyuzi zikiwa mpya, na homa ikiwa bado haijajulikana kama itakuja au haitakuja. Yeye yu angani akielekea hospitali nyingine, na aliyebaki na mgonjwa ni muuguzi, pengine kijana, pengine peke yake usiku kucha.

Jambo hili lingeweza kumwondolea mtu usingizi. Mtu mwenye kiburi angalisema ya kuwa hakuna awezaye kuwaangalia wagonjwa wake ila yeye. Naye angalibaki mahali pamoja, au angalichoka hata kuugua. Mtu mzembe angalisahau, akawaacha wagonjwa kwa bahati yao. Daktari Wood na wenzake hawakufuata njia hizo mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walianza kuweka redio za kupelekeana habari katika hospitali za mbali. Kwa redio hiyo muuguzi aliweza kueleza hali ya mgonjwa, na daktari aliyekuwa mbali akajibu, akashauri, au akaagiza ndege iende kumchukua. Sasa muuguzi hakuwa peke yake, wala daktari hakuwa peke yake. Mzigo mmoja ulibebwa kwa mabega mawili.

Wengine wakaja kushirikiana nao. Mmoja wao alikuwa bibi Mfaransa, Daktari Anne Spoerry, aliyejiunga na kazi hiyo mwaka 1964, akaendesha ndege yake mwenyewe miaka mingi, hata watu wa Kenya wakampa jina la Mama Daktari. Alifariki mwaka 1999.

8. Kutoka kupasua hata kufundisha

Kwa kadiri alivyozunguka, Michael Wood aliona ya kuwa kisu peke yake hakitoshi. Alikuta magonjwa ambayo yasingefika mezani pa mpasuaji kama yangalizuiwa nyumbani. Mtoto huungua kwa sababu moto wa mafiga hauna kizuizi. Kidonda kidogo cha mguu huwa kikubwa kwa kukosa kuoshwa. Mama hufa katika kuzaa kwa sababu hakuna aliyejua mapema ya kuwa mtoto amekaa vibaya. Ndege ikija kwa mambo haya, huwa imechelewa, hata ikienda kasi namna gani.

Basi shirika lake liligeukia kufundisha. Katika miaka ya 1970 lilitia nguvu nyingi katika kuwaelimisha waganga wasaidizi, wauguzi, na watu wa vijijini waliochaguliwa kuangalia afya ya majirani zao. Lilichapisha vitabu vya mafundisho, likashauri juu ya maji safi, vyoo na chanjo. Ilikuwa kazi isiyo na sifa kama ya kuruka angani. Watu hukimbilia kuitazama ndege ikitua, wala hakuna akimbiliaye kumtazama mtu achimbaye choo. Lakini Daktari Wood alifahamu ya kuwa muuguzi mmoja aliyefundishwa vema huokoa watu katika siku zote ambazo mpasuaji hayupo, na siku hizo ni nyingi kuliko zile alizopo.

Wazee wa Uchagani walilijua jambo hili tangu zamani. Mfereji ushukao kutoka msituni haulindwi na mtu mmoja, hata awe hodari. Akiugua siku moja, maji hupotea, na migomba ya watu wote hukauka. Kwa hiyo ukoo mzima hutoka na majembe, na vijana hufundishwa na wakubwa, ili maji yasikatike mtu mmoja akitoweka. Michael Wood aliifanya kazi ya uganga iwe kama mfereji. Na kufanya hivyo hakukuwa msaada kwa wagonjwa peke yao. Kulikuwa ndiko kupona kwa daktari mwenyewe, kwa kuwa mtu asiyegawa kazi yake huvunjika chini yake.

9. Miaka ya mwisho

Mwaka 1978 kilichapishwa kitabu chake cha habari za kazi hiyo. Jina la kitabu alilitoa katika yale mafundisho ya Yesu mlimani, juu ya mtu alazimishwaye kwenda maili moja, naye akaenda na ya pili kwa hiari yake. Serikali ya Uingereza ilimpa cheo cha heshima cha Sir. Mwaka 1985, alipokuwa na umri wa miaka 67, umri ambao wengi hupumzika, alishirikiana na mwenziwe David Campbell kuanzisha shirika jingine, Farm Africa, la kuwasaidia wakulima wadogo na wafugaji, kwa kuwa aliona ya kuwa njaa huwapeleka watu hospitalini kama maradhi yawapelekavyo. Alifariki mwezi wa Mei mwaka 1987.

Kazi haikufa pamoja naye, na hicho ndicho kipimo cha kweli cha kazi ya mtu. Ndege za madaktari bado huruka kutoka uwanja wa Wilson mjini Nairobi. AMREF imekuwa shirika kubwa katika Afrika, na Waafrika wenyewe wameliongoza. Mwaka 2005 lilipewa tuzo kubwa ya kimataifa kwa kazi yake ya afya. Hata huku kwetu mlimani mambo yamebadilika. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na humo vijana wengi wamefundishwa udaktari na upasuaji. Mgonjwa wa Machame hangoji tena mpasuaji atoke mbali kwa ndege. Huenda aliyeshika kisu ni mtoto wa jirani, aliyesoma katika shule kama hii.

Na huyo mtoto wa jirani, akisimama mezani mbele ya mgonjwa aliyelala, hukutana na uzito uleule aliokutana nao Michael Wood. Elimu humwonyesha mahali pa kukata. Lakini kitu kinachoutuliza mkono wake kilianza zamani, alipokuwa mdogo: katika kutengeneza vitu vyake kabla ya kazi, kukubali udhaifu wake pasipo kuona haya, kumaliza jambo moja kabla ya kutazama la pili, kusimama tena baada ya kushindwa, na kumfundisha mwenziwe yale ayajuayo.

Maswali

1. Kwa nini Michael Wood alihama Uingereza akaja Nairobi?
2. McIndoe aliwasaidiaje wagonjwa wake zaidi ya kuwapasua?
3. Kwa nini chama cha Capricorn hakikufanikiwa?
4. Rubani na mpasuaji wanafanana kwa mambo gani?
5. Mpasuaji wa ndege alikuwa na mzigo gani ambao mpasuaji wa mjini hana? Redio iliupunguzaje?
6. Eleza jinsi mfereji wa maji unavyofanana na kazi ya uganga.
7. Taja kazi moja ya nyumbani au ya shule ikutiayo wasiwasi. Andika hatua za kuitengeneza kabla ya kuianza.